Zorobabel na Watu Waliotembea Kichwa Chini

Wasikilizaji wapendwa, leo sitawaomba dakika ya ukimya. Marehemu hakupenda ukimya, alipenda ubishi. Kwa hiyo ongezeni sauti ya redio, jirani naye asikie. Hasa yule jirani aliyekwenda kumsema kwa askari. Unajijua. Usizime, kaa hapo hapo.

Zorobabel Mathe amefariki Jumanne, hapa kwetu Butembo. Zorobabel Mathe, fundi wa cherehani, rais wa club ya watazama nyota. Ndiyo, nyota! Katika mji ambamo watu wamejifunza kutazama chini ili macho yao yasikutane na macho ya askari, yeye na wenzake walijenga kibanda juu ya kilima. Paa lake la mabati walilisukuma pembeni kama kifuniko cha sufuria. Ndani waliweka darubini. Kioo chake walikisugua wenyewe, kwa mikono, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka wake zao wakauliza kama wameoa kile kioo.

Kisha vita vikaja, na pamoja navyo couvre-feu, marufuku ya kutoka usiku. Usiku ukawa mali ya wenye bunduki. Zorobabel akakusanya club, akasema: "Usiku bameiba. Bon. Na jua, bataibeba na camion?"

Basi club ikaanza kuchora jua. Msiende kulitazama jua kwa darubini, jamani, mtapofuka na mama zenu watanishitaki. Wao waliacha picha ya jua ianguke juu ya karatasi nyeupe, wakachora madoa meusi yanayoonekana usoni pake. Kila mara wachoraji walikuwa wawili, kila mmoja kivyake, bila kuchunguliana. Ndipo wakalinganisha. Mara nyingi walikuwa Zorobabel na rafiki yake Maliro, mwalimu wa shule ya msingi. Hapo ndipo kelele zilianza.

"Maliro, hii doa umeitoa wapi? Kwa jua ao kwa kichwa yako?"

"Kwa jua. Wewe uvae miwani, muzee."

Michoro ilisafiri na wafanyabiashara wetu mpaka Kampala, na toka Kampala kwa posta mpaka Ulaya. Huko wataalamu wanaunganisha michoro ya club za dunia nzima, wapate kujua tabia ya jua. Kwao mawingu mengi. Sayansi ikabaki inangoja Butembo! Na siye tulikuwa tunangoja mkate.

Mjane wake, Mama Joyeuse, mama mzazi wa Henri, amenieleza hivi, hana hata tabasamu: "Nilimwambiaka: hiyo jua ukikosa kuichora siku moja, itazimika? Ananijibu: 'Mama Henri, siku tukikosa, kule bataona kwamba Butembo hakuna mutu tena.'"

Tufike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwaka wa 2001, mchana kweupe. Kulikuwa na commandant mmoja. Jina lake silitaji, na si kwa woga. Hii mikrofoni tunaitumia watu wengi, sipendi kuichafua. Askari wake walitaka vijana wa kubebeshwa masanduku ya risasi. Vijana wakakataa, wakatoroka na familia zao kupitia mashambani. Ndipo jirani yetu mwema akawanong'oneza askari: Zorobabel ana bomba la kuona mbali.

Commandant na askari wake wakapanda kilima.

"Muzee, geuza mashini yako kule. Tafuta bale bakimbizi."

"Commandant, hii iko ya jua."

"Yaka awa, kuja hapa! Nikupige risasi, utaenda kwa jua yako na miguu?"

Zorobabel akageuza darubini kuelekea kilima cha mbali. Njia ya kule inagawanyika. Kushoto unakwenda Kalunguta, kulia unakwenda Vuhovi. Akawaona. Wanawake na mizigo yao, vijana, watoto mgongoni. Commandant akamsukuma, akaweka jicho.

"Eh! Juu ya sababu gani batu banatembea kichwa chini? Uko muloji?"

"Hapana, commandant. Darubini ya nyota iko vile. Nyota haina kichwa, haina miguu, hailalamikake. Uibadilishe tu kwa akili yako."

Wasikilizaji wapendwa, hapa mnisikilize vizuri. Darubini ya nyota inageuza juu kuwa chini. Lakini inageuza pia kushoto kuwa kulia. Kila mwanachama mpya wa club aliangukia hapo. Anafuata mwezi upande wa kulia, kumbe mwezi umekwenda kushoto. Zorobabel aliwacheka mpaka machozi, na ndicho kitu cha kwanza alichowafundisha. Lakini huyo commandant, Zorobabel hakumfundisha.

Kwenye picha, watu walikwenda kulia, upande wa Vuhovi. Kwenye ardhi, walikwenda kushoto, upande wa Kalunguta. Commandant akasukuma bomba kulia, akawapoteza. "Bamepita Vuhovi! Twende!"

Mwalimu Maliro alikuwapo. Anasema: "Nilimwangalia Zorobabel. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyake. Mutu wa kubishia hata mvua, siku ile alinyamaza. Nikamwambia kimbia, batarudia. Akasema: 'Nikikimbia, batajua sasa hivi, bageuke. Lete karatasi. Ya leo hatujachora.'"

Wakachora. Kila mmoja kivyake.

Askari walirudi mikono mitupu. Kile kioo cha Jumamosi nyingi wakakivunja kwa kitako cha bunduki. Bomba wakalibeba. Zorobabel wakampiga mgongo mpaka wakachoka wao. Tangu siku ile hakusimama wima tena, na cherehani haikulia tena nyumbani mwake. Jumanne amemaliza.

Commandant, najua sasa uko Beni. Najua pia una redio, maana uliichukua kwa mtu. Bomba hilo bila kioo halioni kitu. Mnafanana.

Kwako Mama Joyeuse, kwa Henri na ndugu zake, kwa mwalimu Maliro na club yote: pole sana. Mungu awafariji, sisi tuko nanyi. Mazishi ni kesho. Nawe jirani, usilete sukari ya kilio. Kaa nyumbani, ufikiri. Nasi wengine tujiulize, siku wakija kutuuliza njia, tutaonyesha wapi.

Na ninyi mliopita siku ile kwenda Kalunguta, popote mlipo: hamumjui, wala hamkujua mnaangaliwa. Njooni kesho. Yeye aliwaona mara moja tu, tena kichwa chini. Mje mpite mbele yake mkiwa wima.