Bi Nanihii na Daftari Lake

Wewe uliyekaa dirishani acha kuguna, nawe unayemnong'oneza mwenzako kwamba hakuna shahada ya udaktari wa kuchunguza neno "nanihii", funga mdomo usikie, maana historia hii ameiandika shangazi wa marehemu, na anaisoma mwenyewe, aliishia darasa la saba lakini tarehe zote anazo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, akamaliza shule ya msingi 1998 na sekondari 2002, akasomea uuguzi, na mwaka 2006 akaajiriwa wodi ya waliopooza kwa kiharusi, ambako seremala mmoja, mgonjwa wake, alikuwa amepoteza neno nyundo, akawa anasema "nanihii ile" huku mkono ukigonga hewa, na marehemu hakulala kwa kujiuliza, jina limekwenda, hiyo "ile" inayolifuata imebakije? Wauguzi wenzake wakambandika jina, Bi Nanihii.

Tarehe 5 Desemba 2009 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa binti mmoja, na mwaka 2018, baada ya shahada mbili za masomo ya jioni, akaanza udaktari wa sayansi ya utambuzi, inayochanganya saikolojia, isimu na kompyuta, yaani wasimamizi watatu, kila mmoja akimwambia sura hii ya tasnifu si yangu, mpelekee mwenzangu, akawa anapanda na kushuka ngazi na mafaili kama tarishi.

Oktoba 2022 aliomba "nanihii kile" akitaka kikombe, shangazi akacheka mpaka akashika mbavu, haya mama, masomo yamekuingia kichwani, kumbe kilichoingia ni uvimbe. Akanunua daftari, akaandika kila neno lililomponyoka, ufunguo tarehe 3 Novemba, "nanihii ule", kijiko tarehe 9, na kila asubuhi binti alipouliza, mama, mimi nani, wote mezani tuliacha kutafuna mpaka ajibu. Tarehe 2 Mei 2023 alimtazama sana, akasema, "Nanihii wangu." Binti akaitika, abee mama.

Alifariki tarehe 11 Juni, sura ya mwisho ikiwa ni daftari hilo, na bila sahihi tatu tasnifu yote inakufa naye.

Tunawashukuru madaktari kwa kutotudanganya, majirani kwa viti, wauguzi wa wodi ile kwa zamu walizomshikia, na ninyi wasimamizi watatu mnaotazamana hapo mbele, shangazi atawashukuru mkishatia sahihi, fomu ya kuipitisha tasnifu iko mezani, kalamu iko juu yake, na jeneza linaondoka saa tisa.

Lala salama, nanihii wetu.

Wengine tokeni naye, ninyi watatu bakini na fomu. Shangazi anatoka wa mwisho, na mlango anaufunga.