Stanslaus Ngusa, Aliyevuka Uwanja

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, ndugu na waombolezaji wote, Tumsifu Yesu Kristo. Historia hii inasomwa na Juliana, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia, ila maneno ni ya mama mzazi, Mbuke, aliyeyasema jana na kuagiza yasilainishwe.

Marehemu Stanslaus Ngusa alizaliwa tarehe 12 Machi 1984 hapa Mwagunda, Shinyanga, mtoto wa kwanza wa mzee Ngusa na mama Mbuke, akasoma shule ya msingi hapahapa hadi mwaka 1998, ambako walimu walimjua kwa kucheza kuliko kwa hesabu, na mama hakatai, maana akitumwa maji alirudi na nusu ndoo, nusu nyingine ameicheza njiani.

Mwaka 1999 aliingia kundi la ngoma la kijiji, upande wa Bagika, kimoja cha vyama viwili vya ngoma za Kisukuma, chini ya Jilala, mtunzi na kiongozi wa kundi, na katika mashindano ya baada ya mavuno dhidi ya mahasimu wao Bagalu, ambako mshindi ni mwenye watazamaji wengi, watu walikimbilia upande aliosimama Stanslaus. Tarehe 8 Julai 2004, uwanja ukiwa umefurika, Jilala alitoa wimbo mpya wa kumcheka mzee Ngusa, aliyekuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita mikono mitupu na kifua kibovu, naye mzee amekaa palepale, watu wanageuka kumtazama, Jilala akamwashiria Stanslaus aongoze mstari. Stanslaus alivua njuga za kundi, akaziweka chini, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akacheza na Bagalu mpaka jioni, na umati ukamfuata. Kundi lilishindwa nyumbani kwake, na tangu siku hiyo marehemu akaitwa msaliti.

Alihamia Runzewe, akafanya kazi kwenye mashimo ya dhahabu, mwisho wa wiki akicheza ngoma, mpaka mwaka 2007 alipoonwa na Ansgar, mtengeneza filamu wa Kalangalala, Geita, aliyempa nafasi ya mwizi kwa sababu aliweza kuanguka kutoka darini bila kuvunjika. Baadaye aliigiza polisi, mchungaji na baba mkwe mkorofi, na filamu zake zilifika hadi kibanda cha video cha hapa kijijini, ambako waliomwita msaliti walilipa kiingilio na kuwaambia wageni kwamba huyu ni wetu.

Alifunga ndoa na Melania wa Runzewe tarehe 14 Agosti 2010, wakajaliwa watoto wawili, Hosiana na Wiliam.

Tarehe 19 Novemba 2011 mzee Ngusa alifariki, na kundi likawakataza watu wake kushika jembe, mama akapita mlango kwa mlango akiomba wa kumchimbia mumewe kaburi, hadi kwa Jilala, ambaye hakumkaribisha hata ndani, akamwambia, "Nenda kwa Bagalu wako, mayu, wakuchimbie." Kaburi lilichimbwa na wachimbaji wa Runzewe, waliokuja na Stanslaus na sululu zao. Mama anasema hasira ile haijapoa, na hajawahi kuomba ipoe.

Marehemu aliugua figo kuanzia Februari 2024, akatibiwa Shinyanga na baadaye Mwanza, akafariki asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2025, mkewe na mama yake wakiwa pembeni ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Ansgar na waigizaji wenzake, wachimbaji wa Runzewe ambao leo tena wamechimba kaburi, na kati ya majirani inamshukuru Esta, aliyetupikia uji msiba ule wa mzee wakati wengine walipofunga milango. Majirani wengine mama hawezi kuwashukuru kwa uongo mbele ya jeneza.

Kundi limekuja na ngoma zake, linasema litamchezea kama mtoto wake. Mama Mbuke anasema ngoma hiyo haitapigwa, si leo wala siku ya arobaini, na anayetaka kweli kumuaga Stanslaus aiache ngoma nje ya ua, aje afukie kaburi kama jirani.

Mwana wa Ngusa, pumzika kwa amani. Jilala, koleo lipo pale.