Mzee Ekwaro Atatoka kwa Geti

Mzee Ekwaro amelinda geti la ghala letu la pamba hapa Malaba miaka ishirini na saba, na tarehe 30 Novemba 1978 anastaafu. Mimi Mama Adeke, mpishi, nimeambiwa niandike wasifu wake kwa sababu nyote nimewalisha. Shule sikukaa sana, kwa hivyo nitasema wazi.

Alitoka Angurai akiwa kijana mwenye mabega mapana. Hakuna lori lililopita bila yeye kulizunguka na kubonyeza magunia. Meneja mmoja mpya aliachwa nje kwenye mvua kwa sababu Mzee hakumjua, na sisi tukacheka wiki nzima. Baadaye meneja mwenyewe alimnunulia Mzee koti.

Sasa nakuja kwa jambo lililonikaa kooni. Mwaka juzi bunduki zililia ng'ambo ya mpaka, na watu wa Uganda wakaja mbio na watoto migongoni. Mzee Ekwaro alifungua geti, akawaingiza wote, akafunga. Kisha akabaki amesimama pale pale. Miguu ikakataa, mdomo ukakataa, suruali ikalowa. Na nyinyi, kati ya yote aliyofanya, mkaona suruali!

Bashir dereva akampa jina, "Mzee Mvua," na likashika. Bashir huyo huyo siku ile alikimbia mpaka kule Moding na kiatu kimoja. Mbona hatukumwita Kiatu?

Mnafikiri mwili huomba ruhusa? Kifaranga akiona kivuli cha mwewe hulala chini kimya, hakai kufikiria. Watu pia ni hivyo. Mmoja atakimbia, mwingine atarusha ngumi, mwingine ataganda. Hakuna aliyechagua. Na mwili ukishajua bunduki hausahau upesi. Mpaka leo tairi la lori likipasuka, Mzee hutokwa jasho, moyo unamwenda mbio, chakula changu kinabaki kwenye sahani. Nyinyi mnauita woga. Mimi naona mwili ambao bado uko zamu.

Hapa kwetu anayestaafu hupigiwa madebe na wafanyakazi wote, kutoka ofisini mpaka getini. Desturi nzuri, hata mimi nimepiga. Lakini Bashir na wenzake wametafuta madebe makubwa, wayapige ghafla nyuma ya Mzee, "aruke kidogo tucheke." Mzee amesikia. Alikuja jikoni akaniambia, "Mama Adeke, mimi siji. Nitapitia kule nyuma kwa ua, niende nyumbani."

Aibu gani hii! Mtu aliyelinda geti miaka yote hiyo atoke kwa shimo la ua kama mwizi wa kuku?

Nilimwambia, "Mzee, utakuja, na utatoka kwa geti." Madebe nimeyafungia stoo, na ufunguo uko kifuani mwangu. Anayeutaka aje. Siku hiyo tutaimba taratibu. Lile geti linalogonga kama baruti nimelipaka mafuta ya kupikia kwenye bawaba, na ubavuni nimelifunga gunia. Atakayelifungua ni Bashir, kwa mikono miwili, polepole. Akikataa, asitafute sahani yangu tena.

Asante, Mzee, kwa kila mtoto aliyeingia siku ile. Nenda ukalime, ulale usingizi wako wote, na huko nyumbani watu wakutendee vizuri kuliko tulivyokutendea sisi. Pita katikati ya geti. Hakuna atakayegonga kitu.