Mistari ya Pembeni ya Dada Yetu

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi wa kiwandani mliochagua viti vya nyuma, familia imenituma mimi mdogo wake nisome, na nitasoma mpaka mwisho.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa fundi wa mabehewa na mshonaji, akasoma shule ya msingi mtaani kwetu kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ufundi alikohitimu uchoraji wa mitambo mwaka 1986, msichana pekee darasani, na waliomcheka siku ya kwanza ndio walioazima madaftari yake mtihani ulipokaribia.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa na kiwanda cha lifti, idara ya vitabu vya mafundi, na kazi yake ilikuwa hii: kila kitabu kilipotoka toleo jipya, alililaza kando ya toleo la zamani, akashuka na rula mstari kwa mstari, na kila palipobadilika neno au namba akachora mstari mweusi wima pembeni mwa ukurasa, ili fundi aliye kazini asihangaike na kurasa mia mbili, asome penye mstari tu. Walimwita Mama Mstari, naye akalipenda jina hilo. Aliolewa tarehe 7 Desemba 1991 na shemeji yetu, fundi umeme, ambaye mpaka leo anadai kwamba barua yake ya kwanza ya uchumba ilirudishwa ikiwa imesahihishwa, wakajaliwa mabinti wawili.

Januari 2021 meneja alileta programu ya kompyuta ya kulinganisha matoleo na kuchora mistari yenyewe, na dada hakuipinga, semeni kweli mliokuwepo, aliijua kabla ya vijana wote. Lakini programu ilichora mstari hata iliposogezwa nukta, kurasa zikajaa mistari, meneja akachoka, akaamuru ipuuze badiliko lolote lisilofika herufi tatu. Katika toleo la saba, nati ya springi ya breki ilitakiwa kukazwa mizunguko 9 badala ya 6, tarakimu moja tu, pembeni pakabaki peupe, fundi akaangalia pembeni kama alivyofundishwa, akaacha 6, na tarehe 18 Agosti 2022 lifti ikaporomoka ghorofa nne naye akiwa ndani. Yupo hapa mbele na magongo yake, amekuja kumzika mtu ambaye yeye aliambiwa kuwa ndiye aliyemvunja miguu.

Maana uchunguzi wa kiwanda ulisoma jalada la toleo hilo, ukakuta jina la dada kama mkaguzi, ukasema hakuna aliyewahi kuonya, ukamtwisha gunia la misumari mtu mwenye miaka thelathini na mitano kazini, akafukuzwa tarehe 30 Septemba 2022. Presha ikampanda, tarehe 3 Mei 2024 akapata kiharusi kilichoulegeza mkono wake wa kulia, akafariki wodini tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa pembeni yake, na neno alilorudia wiki ile nzima, kwa ulimi mzito, lilikuwa "Niliwaambia."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufulia na kutupikia tulipokuwa hatujiwezi, na wafanyakazi wenzake wachache waliokuja kumwona bila kujificha. Uongozi wa kiwanda tunaushukuru kwa shada la maua, na kwa kutuomba juzi tuwapelekee historia hii wainyooshe lugha, wakairudisha jana imechapwa vizuri kwenye karatasi nzito. Binti yake mkubwa aliilaza kando ya ile tuliyoiandika sisi, akashuka na rula, akakuta sentensi moja imeondolewa kimyakimya. Ninaisoma kama tulivyoiandika: tarehe 9 Aprili 2021 marehemu alimwandikia meneja kwamba namba moja isiyochorewa mstari inaweza kuua mtu, na nakala ya barua hiyo, yenye muhuri wa kupokelewa, iko mikononi mwa familia.

Pumzika, dada yetu, kwa amani waliyokunyima. Sisi bado hatujapumzika.