Mzee Bisimwa, Aliyesikiliza Mbao Kabla ya Umeme

Kosa la wengi wanaotaka gitaa zuri la umeme ni kununua pikapu kwanza, kisha kuzunguka wakitafuta gitaa la kuipachika. Pikapu ni kile kinasa sauti cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi. Huja katika kiboksi cha kupendeza na jina lake husifiwa kila mahali, kwa hiyo si ajabu mtu kuanzia hapo. Mzee Arsène Bisimwa aliwapokea wateja wa namna hiyo kwa chai na swali lile lile, akiwaita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, umenunua kofia, sasa unatafuta kichwa?"

Swali hilo hatutalisikia tena mezani pake. Baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya Ntinda, Mzee Bisimwa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025.

Alifika Kampala mwaka 1999 akitokea Bukavu, seremala wa vitanda na viti aliyekuwa akipiga gitaa kanisani. Karakana ilimwajiri kuunganisha shingo zilizovunjika. Haukupita muda akaanza kuunda magitaa mazima, na leo kazi zake zinapigwa Lubaga, Ggaba, na ng'ambo ya mpaka hadi Kisumu.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Bodi na shingo zikishaungana, alifunga nyuzi bila pikapu yoyote, akaegemeza taya kwenye pembe ya bodi, akapiga uzi mnene na kungoja hadi unyamaze. Ukimharakisha, alikujibu kwa Kiswahili cha kwao: "Ngojeni kwanza muti iseme." Umeme ulipokatika, wengine tulinung'unika, yeye alifurahi, kwa kuwa mashine za majirani zilinyamaza na mbao zikasikika vizuri.

Alichokuwa akitafuta kinaeleweka kwa urahisi. Musizi ni mti mwepesi; sauti yake ni nene na hufifia mapema. Ukiuwekea pikapu iliyozungushiwa waya mwingi, ambayo nayo hufanya sauti iwe nzito, gitaa linakuwa kama mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Mvule ni mgumu. Sauti yake hudumu na ina makali, na shingo ya mvule huyaongeza. Huo ndio unaohitaji waya mwingi, ili makali yapungue. Wapo mafundi wanaosema mbao hazina lolote katika gitaa la umeme. Mzee hakubishana nao. Alikubali kwamba pikapu na spika ndizo zenye nguvu zaidi. Alichokataa ni kuanza kazi bila kusikiliza.

Machi mwaka huu tulitengeneza gitaa la kwaya moja ya Lubaga, bodi ya mvule na shingo ya mvule, litumike Pasaka. Mzee alichagua pikapu yenye waya mchache, akachomeka kwenye spika, akapiga, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Babra, anayepokea wateja, alijishika sikio. Wengine tuliinamia kazi zetu. Kwetu hapa, neno la Mzee kuhusu sauti lilikuwa la mwisho, na kwaya ingelichukua gitaa lile kwa sababu tu ni yeye aliyelipitisha.

Nelima Wamalwa, anayezungusha waya wa pikapu, ndiye aliyesema. "Mzee, naomba unisamehe. Hii inakata masikio."

Hakukasirika. Alichukua bisibisi na kuishusha pikapu mbali kidogo na nyuzi, kwani ndivyo alivyotufundisha: shusha kabla ya kubadilisha. Akapiga tena; Nelima akatikisa kichwa kukataa. Basi Mzee akachomoa waya wa spika, akampakatisha gitaa, akamwambia aweke taya pale alipozoea kuweka yake.

"Unasikia nini?"

"Huku juu kunalia kama glasi, Mzee."

Alilichukua tena, akaegemeza taya, akapiga, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hiyo glasi mimi siisikii tena, mama," alisema. "Weka waya mingi. Wewe ndiye utaniambia ikiisha."

Gitaa hilo lilipigwa Pasaka, na kwaya imeagiza la pili. Wiki iliyofuata Pasaka, Mzee aliomba kustaafu. Tangu hapo hakuna gitaa lililotoka bila Nelima kulisikiliza kwanza, Mzee akiwa kando yake akimuuliza maswali na kumtania kwamba Wakenya kama yeye husikia haraka kwa sababu wana haraka ya kwenda nyumbani. Mtu anayeishi kwa masikio yake ana sababu nyingi za kuficha yanapochoka. Yeye alitupa muda wa kutosha kujifunza kabla hajaondoka.

Mzee Bisimwa, tunakushukuru. Ustarehe salama Ggaba pamoja na mkeo, Mama Kavugho, na gitaa lako la musizi lisikose mtu wa kulisikiliza barazani.

Nasi tunaobaki, leo kabla ya kufunga karakana, kila mmoja achukue gitaa lililo mezani pake, achomoe waya wa spika, aegemeze taya, apige uzi mnene na kusikiliza mpaka unyamaze.