Handaki la Magotini

Majirani wa Lhota, wachimbaji wenzetu wa mabwawa, nanyi mliotembea kwa miguu kutoka Pardubice katika theluji hii, mimi ni Beneš Struha, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Havel, nami nitayasoma yote, atakayekereka na akereke, kwa kuwa uongo juu yake umesemwa kwa sauti kubwa hata kanisani.

Marehemu alizaliwa hapa Lhota tarehe 16 Oktoba 1574, siku ya Mtakatifu Havel, ndipo alipopata jina lake, akasoma katika shule ya Ndugu, wale waumini wenzetu, kwa majira mawili ya baridi, kuanzia 1583, akajua kusoma na kupima, kisha baba akamtoa kwa sababu tuta lilikuwa linavuja na mikono ilikuwa haitoshi. Mwaka 1597 akawa msimamizi wa wachimbaji, akajenga mabwawa matatu, likiwemo hili ambalo tumesimama juu ya tuta lake, lililokamilika 1609 na halijavuja tone hadi leo. Alikuwa mgumu, sifichi, alinimwagia bia yangu mtaroni siku nilipokunywa kazini, na tuta lililopungua kiganja kimoja alilibomoa lote.

Tarehe 12 Februari 1599 alifunga ndoa na Mandalena, binti wa msaga nafaka, aliyemkataa mara mbili kwa sababu ya matope ya viatu vyake, wakajaliwa watoto wawili, Kateřina mwaka 1600 na Jošt mwaka 1601, na Jošt akafuata kazi ya baba yake.

Sasa nafika Mlima Mweupe, nje ya Praha, Jumapili tarehe 8 Novemba 1620. Kaka alipanda pale na watu arobaini wa kijiji hiki, walioitwa kuwachimbia mahandaki watetezi wa kikombe chetu cha ushirika, ambacho kwetu hunywea waumini wote na si padri peke yake, wakakuta asubuhi yenye ukungu, askari waliochoka, na vyepe vya kuhesabu kwa vidole. Mimi nilikuwepo. Kaka alimwendea kapteni wetu aliyesimamia sehemu ile, akavua kofia, akamwambia, "Bwana, handaki la magotini linamfaa kuku. Nipe watu mia mbili, na kabla ya saa sita nitakupa la kifuani." Kapteni akacheka na wenzake, akasema, "Mzee, watu wangu ni askari, sio mafuko wa kuchimba chini. Wewe kachimbe mabwawa yako, vita tuachie sisi." Kaka akamjibu, "Basi niazime hata hamsini, bwana, wanaokaa tu," akafukuzwa kama mbwa aliyeingia jikoni.

Tulichimba wenyewe, ardhi ikiwa ngumu, na adui, jeshi la kaisari Mkatoliki, alipopanda mchana tulikuwa tumefika magotini. Vita haikuchukua hata muda wa saa mbili, mfalme wetu akiwa bado mezani anakula kwenye ngome ya Praha, na kapteni alikuwa wa kwanza kupanda farasi na kukimbia. Jošt alipiga magoti ndani ya handaki lile, kifua chake chote kikiwa nje, risasi ikampata hapo, akafa akiwa na miaka kumi na tisa, na kaka alipomwinamia akapigwa ya nyonga.

Ninyi mnajua yaliyofuata. Watu walichukuliwa mashamba, kikombe kikakatazwa, na kapteni yule akabadili dini upesi kuliko shati, akapewa ardhi, sasa anasimulia mezani kwake kwamba vita ilipotea kwa sababu wachimbaji wa Lhota walilala. Padri mpya ameyarudia hayo mimbarini, Mandalena akiwa amekaa mbele. Kaka aliyasikia akiwa kitandani, wala hakutukana, aliuliza tu, "Alisema la magotini, au alisema hakuna handaki?" Nina hasira, ndugu zangu, na sitaomba radhi kwa hilo.

Kidonda cha nyonga hakikupona, kilimla miaka mitatu, akafariki tarehe 3 Februari 1624 alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Kateřina. Padri alimpa nafasi makaburini kwa sharti kwamba akikane kikombe, akakataa, ndiyo maana analala hapa kwenye tuta lake.

Familia inamshukuru kinyozi Řehoř, ambaye ndiye pia tabibu wetu wa vidonda, aliyemsafisha kidonda kila wiki bila kuchoka, majirani mlioleta kuni na mbaazi, na wachimbaji thelathini na mmoja waliobaki kati ya wale arobaini, ambao jana walivunja barafu ya ardhi hii kwa sururu. Mandalena aliwaambia, "Msiniletee kaburi la haraka haraka, wanangu, mpimieni kama alivyowapimia." Wamepima. Shukeni mmoja mmoja mtazame, limefika kifuani, na hakuna kapteni aliyetuzuia.

Pumzika kwa amani, kaka Havel, safari hii tumechimba kama ulivyosema.