Mhuri wa Mume

Chizuru hakuwa na mume nyumbani, hakuwa na wiki za kupoteza, wala mhuri wa mumewe wa kuridhia, ambao sheria inautaka kwenye fomu ya kliniki. Niliyasikia hayo nikiwa kwenye kiti cha nyuma yake ndani ya basi la Akita, Japani. Masikio yangu ya miaka themanini bado mazima.

"Vidonge vya kutoa mimba mwisho wiki ya tisa, bibi, na mimi niko ya saba," alimwambia jirani yake wa kiti. "Ikipita hapo ni mashine ya kuvuta. Na mume yuko Sapporo, hapokei simu."

"Mihuri ya jina la ukoo wenu imejaa madukani, mwanangu. Nunua, ugonge."

"Niibe ruhusa ya tumbo langu mwenyewe?"

"Mimi niliiba. Mara mbili."

Chizuru aliikunja fomu kwa uchovu, akaitia kwenye bahasha yenye anwani ya Sapporo. Basi liliposimama alishuka, na kupitia dirishani nikamwona akiifunga bahasha, akiitumbukiza kwenye sanduku la posta, iende kwa mumewe agonge mhuri.